Gari la Viti Viwili

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, barabara ya Tanga kwenda Muheza ikiwa na lami yake na matuta yake, aliishi Mabawa, mtaa wa Tanga mjini, mwanamke aitwaye Tunu. Tunu alikuwa mkunga. Kazi yake ilikuwa Muheza na nyumba yake ilikuwa Tanga. Kila alfajiri aliondoka kwenda kupokea watoto wa watu, na kila jioni alirudi kupokea maneno ya watu.

Nyumba yake ilijaa. Alikuwamo mama yake, Bi Mwantumu. Alikuwamo binti yake, Nasra. Walikuwamo watoto wa dada yake, na mgeni mmoja au wawili ambao hakuna aliyekumbuka walikuja kwa sababu gani. Wodini aliitwa Sista, nyumbani aliitwa Mama, mtaani aliitwa Da Tunu. Popote alipokuwa aliitwa, na akiitwa aliitika, maana ndivyo alivyolelewa.

Siku hizo alikuwa na Noah, gari la watu wanane. Nanyi mnajua Noah huwa ni ya nani. Ni ya ukoo. Msiba Korogwe, Noah ya Tunu. Harusi Pangani, Noah ya Tunu. Magunia ya mkaa, Noah ya Tunu. Mbuzi wa hitima alipanda Noah ya Tunu, akapewa nafasi karibu na dirisha, akatazama mashamba ya mkonge mpaka walipofika. Na asubuhi za kazi, kabla Tunu hajawasha injini, viti vilikuwa vimeshajaa watu waendao Muheza, kila mmoja na shida yake ya kusimulia.

Basi Noah ikafa. Injini iliungua, na fundi akanyoosha mikono. Ukoo ukampa Tunu pole, kisha ukamuuliza lini atanunua nyingine.

Tunu akakata shauri. Akasema, "Safari hii nanunua gari la spoti."

Walicheka. Bi Mwantumu hakucheka. Alimtazama binti yake juu mpaka chini. "Gari la spoti, mkunga? La kukimbilia wapi?"

"Kazini, Mama."

"Kazi ya kuzalisha ina mbio gani? Mtoto huja kwa saa yake."

Tunu sababu alikuwa nayo, ila aliificha. Hakupenda mbio. Alipenda kwamba magari yale mengi yana viti viwili tu.

Masharti yake yalikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Alitaka gari lililotumika lakini halijachoka, la bei anayoimudu. Alitaka kuliendesha kila siku, mvua na jua, si la kufunikwa turubai na kutolewa siku ya Idi. Vipuri vyake vipatikane Tanga hii hii, na mafuta linywe kwa adabu. Ukiwaambia wauza magari masharti hayo kwa pamoja, wanakuuliza kama na mume unamtaka hivyo hivyo.

Waliomsaidia kutafuta walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Hatibu, binamu yake, mtoto wa mjomba wake. Hatibu alikuwa karani wa mahakama Muheza, naye akitokea Tanga kila asubuhi. Goti lake liliharibika katika mpira wa ujanani na halikurudi sawa. Alipenda magari ya chini tangu akiwa na ndevu mbili. Alibandika picha zake ukutani, na wake zake wawili wakazibandua, kila mmoja kwa wakati wake. Wa pili alikuwa Leokadia, shoga yake Tunu, mwalimu wa sekondari huko huko Muheza. Mume wa Leokadia alikuwa amepooza, kitandani kwao Tanga. Leokadia hakujua kitu kuhusu magari. Alijua waongo, maana alifundisha kidato cha pili.

Wakatafuta. Waliona gari jeupe, lenye bawa nyuma pana kama meza ya kupigia pasi. Hatibu akatega sikio, akasema, "Hili limekimbizwa mashindanoni. Sikiliza linavyokohoa." Wakaliacha. Waliona la buluu, zuri, tulivu, la bei nzuri. Lakini taa yake ikivunjika, utaisubiri mpaka mjukuu wako aanze shule. Wakaliacha. Waliona la njano, na mwenyewe alilisukuma kwa mikono ili kulitoa kivulini. Hilo waliliacha bila kusema neno.

Kisha wakaona jekundu.

Lilikuwa katika yadi moja nje ya mji, limeng'arishwa mpaka ukajiona meno. Viti viwili, ngozi nyeusi, usukani mdogo. Tunu aliingia, akashika usukani, akafunga mlango, na kelele za yadi zikakatika. Alikaa humo muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, na mkono ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Hatibu naye alikuwa amelewa rangi. Alilizunguka gari akitabasamu peke yake. Lakini Leokadia alikuwa anamtazama muuzaji. Aliona kwamba kila mtu anaposogea nyuma ya gari, muuzaji anakumbuka jambo la kumwonyesha mbele.

Leokadia akasema, "Fungua buti, uinue zulia."

Muuzaji akasema, "Mama, zulia limegandishwa na kiwanda."

Leokadia hakubishana. Alikusanya gauni lake la kanisani, akalala chini kwenye vumbi na mafuta, mbele ya matairi. "Halitoki hili," alisema kutoka huko chini, "mpaka uinue zulia."

Aliambiwa ana kichaa, hakuinuka. Vijana wa yadi walitoa simu wakampiga video, hakuinuka. Aliitwa askari, askari akamwambia mama inuka, unaaibisha watu; akajibu kwamba aibu anayo yeye na ameshaizoea. Mwisho muuzaji mwenyewe alichoka. Zulia likainuliwa. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea, kutoka ubavu huu mpaka ubavu ule. Mbele lilikuwa gari moja na nyuma lilikuwa jingine. Katika kasi na tuta la kwanza, nusu moja ingefika Muheza na nusu nyingine ingebaki njiani Pongwe, na Tunu angekuwa katikati.

Walirudi mikono mitupu. Jioni ile Tunu alikaa ukumbini ameshika tama. Hatibu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Da Tunu, liko moja Pongwe."

Lilikuwa la Mzee Shekalaghe, mpima ardhi mstaafu. Macho yalikuwa yanamwacha na yeye alikuwa analiacha gari. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, haikumvuta mtu. Viti viwili. Injini safi, chasisi nzima, vipuri vinapatikana madukani Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga mjini. Mzee alikuwa ameliendesha kila siku kwenda sokoni na msikitini, na halikuwahi kumlaza njiani.

Mzee Shekalaghe alimtazama Hatibu, kisha Tunu, kisha akasema, "Mbona gari hili nimeshamuuzia Hatibu? Tulipeana mkono wiki iliyopita. Amenisumbua miaka yote hii mpaka nikakubali."

Hatibu akatazama pembeni. "Mkono ule umhesabie huyu, Mzee. Yeye amepoteza gari. Mimi sijapoteza kitu."

Tunu akamshika binamu yake begani, basi.

Mzee Shekalaghe alikuwa na utaratibu wake mmoja: mnunuzi alijaribu gari peke yake, wengine wakabaki barazani wakinywa kahawa. Alisema watu wengine wakiwamo, mnunuzi huwasikiliza wao asilisikilize gari. Tunu akaondoka peke yake. Akapita tuta, gari likapita. Akapita la pili, likapita, tumbo likiwa juu ya lami kwa kiasi cha unene wa kandambili. Akarudi, akalipa. Na hapo ndipo walipokosea, wote watatu, pamoja na mzee.

Maana wakati wa kurudi Leokadia alipanda daladala, na Hatibu akapanda kiti cha kushoto. Walipofika kwenye tuta la kwanza, gari likalala juu yake na kukwaruza kwa sauti ya kutia meno ganzi. Hatibu akashuka, akavuka tuta kwa miguu, akachechemea, akapanda tena. Tuta la pili, akashuka. La tatu, akashuka. Wauza machungwa wa njiani walimpungia kila aliposhuka, na waliofuata walikuwa wameshapata habari. Walipofika Mabawa goti la Hatibu lilikuwa limevimba, na mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba gari la Tunu linabeba mtu mmoja tu, dereva.

Walimwonea Tunu huruma. Wengine walimshauri alinyanyue, awekewe vyuma juu ya springi kama watu wanavyofanya. Hatibu akasema gari la spoti likinyanyuliwa linakuwa mbuzi kwenye viatu virefu. Basi likabaki hivyo. Asubuhi ya kwanza Hatibu alikwenda kusimama kituoni. Leokadia alikwenda kusimama kituoni. Na Tunu akapita, akawapungia, akaenda zake peke yake.

Nawaambia ukweli, Tunu alifurahi.

Hakufurahia kasi. Alifurahia kutoitwa. Kutoka Mabawa mpaka geti la hospitali hapakuwa na Sista wala Mama wala Da Tunu. Palikuwa na mkonge kushoto, mkonge kulia, na injini. Siku ya tatu, kabla ya kufika Pongwe, alianza kulia. Alilia mpaka akaegesha. Hakushangaa, alijua analilia nini. Alipomaliza alijifuta, akaenda kazini, akazalisha pacha. Kuanzia hapo mwili wake ulikuwa mwepesi, na Nasra akamwambia, "Mama, siku hizi unacheka."

Sasa anaingia mtu wa tatu. Huyu ni Kibwana, mtalaka wa Tunu, baba yake Nasra. Waliachana kwa amani, jambo lililowaudhi majirani. Kibwana alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa sokoni Muheza. Alikwenda na kurudi kwa pikipiki, barabara hiyo hiyo. Alisikia habari za gari kukwaruza, na hakucheka. Asubuhi zake akawa anasimama kwenye kila tuta, anashuka, analala kifudifudi kando ya lami na futi yake ya kushonea, anapima mgongo wa tuta kama anavyopima kiuno cha mteja. Siku moja alimwomba Nasra amruhusu kupima tumbo la gari. Kisha akaenda kutafuta springi, si za kulinyanyua, za kulishikilia lisizame likikaliwa. Alizitafuta Tanga, akazitafuta mpaka Moshi.

Jumamosi moja Tunu alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku. Nasra akampa baba yake ufunguo. Alasiri Tunu aliamshwa na vigelegele. Akatoka nje. Gari lake lilikuwa linakuja mtaani, Kibwana kwenye usukani, na kushoto kwake ameketi Bi Mwantumu, ameshika mkoba mapajani, mnyoofu. Likapanda tuta la mbele ya msikiti. Likashuka. Halikukwaruza. Watoto wakapiga makofi. Walihitajika watu wawili kumtoa Bi Mwantumu, maana kuingia mle ni kuketi na kutoka ni kazi; naye akasema, akirekebisha kanga, kwamba hapandi tena, lakini amekubali.

"Sasa lina viti viwili, mama Nasra," alisema Kibwana, na kumkabidhi ufunguo.

"Ahsante, baba Nasra," alisema Tunu. Alitabasamu kwa meno tu.

Maana kabla jua halijazama Hatibu alikuwa ameshafika kuuliza Jumatatu wanaondoka saa ngapi. Kabla Hatibu hajaondoka Leokadia aliingia kuuliza hilo hilo. Na Kibwana alikuwa bado amekaa barazani, hajauliza, lakini hajaondoka. Noah ya watu wanane haikuwahi kugombewa. Kiti kimoja kiligombewa siku hiyo hiyo.

Bi Mwantumu aliona mambo yanakokwenda. Akawaita wote Jumapili alasiri, akasema ni dua ya gari. Ubani ulichomwa, maji ya waridi yalirushwa juu ya boneti, Leokadia naye akapiga ishara yake ya msalaba, hakuna aliyeona ubaya. Kisha ikaletwa kahawa na halua, na Bi Mwantumu akasema, "Haya. Kiti ni kimoja. Kila mtu aseme lake, mwenye gari asikie."

Akaanza Hatibu. "Shangazi, mimi sina maneno mengi," alisema, na wote wakajiweka vizuri kwenye viti, maana walimjua. "Gari hili nililiona mimi. Tena kuliona ni kidogo, lilikuwa langu. Nililitamani tangu sijaoa, nikalipata kwa wiki moja, nikalitoa. Sikuombwa. Nilimwona dada yangu ameshika tama, nikalitoa. Leo ninyimwe kiti katika gari nililolitoa zima? Na goti hili mnalijua. Nasimama kituoni mpaka linavimba. Juzi nimeingia mahakamani nachechemea, nimeegemea ukuta, wakili mgeni akaniuliza kama ni mimi mshtakiwa. Aliyetoa gari ni nani? Ni mimi."

Akafuata Leokadia. "Hatibu alitoa gari, simnyimi haki yake. Lakini gari angempa nani? Jekundu lile lingeondoka yadi siku ile, leo hapa tungekuwa tunamsomea Tunu hitima. Nililala kwenye mafuta mbele ya wanaume. Ile video wanafunzi wangu wanayo mpaka leo. Nikigeuka kuandika ubaoni nasikia mtu anasema 'inua zulia'. Sikudai kitu. Sasa nadai. Mkuu wa shule ameniambia nikichelewa mara moja tena nahamishiwa mbali huko Kilindi. Na mume wangu hawezi kujigeuza. Nikienda Kilindi nani atamgeuza? Aliyemwokoa dereva ni nani? Ni mimi."

Kibwana alikuwa anatazama kikombe chake. Walimsubiri. "Hatibu alitoa gari," alisema. "Mwalimu alimwokoa dereva. Mimi nilitengeneza kiti. Kabla ya springi zile, upande wa kushoto hapakuwa na kiti. Palikuwa na pa kukwaruzia." Akarudi kutazama kikombe, ikaonekana amemaliza.

Bi Mwantumu akamuuliza, "Pikipiki yako siku hizi siioni. Iko wapi?"

Kibwana akasema, "Imo chini ya gari, Mama."

Tunu aliinua kichwa. Hakuwa anajua. Springi zile zilinunuliwa kwa pikipiki nzima, na wiki yote iliyopita Kibwana alikuwa akienda Muheza kwa kuomba lifti za malori ya machungwa.

Bi Mwantumu alijaribu njia ya watu wazima. "Basi chukueni zamu. Leo huyu, kesho yule."

"Shangazi, goti halina zamu," alisema Hatibu.

"Nikichelewa siku moja nimechelewa," alisema Leokadia. "Mkuu haniulizi ilikuwa zamu ya nani."

Kibwana alisema yeye atakubali lolote, na jinsi alivyosema iliwafanya wote wajisikie vibaya.

Ndipo Bi Mwantumu akamgeukia binti yake. "Na wewe, mwenye gari? Mbona umekaa kama mgeni?"

Tunu alikuwa na jibu lake la siku zote, limekaa tayari mdomoni: sawa Mama, wapande tu. Alilimeza. Akasema, "Nilinunua viti viwili kwa sababu hawakutengeneza lenye kimoja."

Hakuna aliyeelewa, ikambidi aendelee.

"Yule mama wa Mkuzi," alisema. "Mwaka juzi. Alinishika mkono kuanzia asubuhi. Alifariki amenishika, na mtoto naye. Nilimfunika, nikanawa, nikatoka, nikakuta Noah imejaa. Njia nzima mlikuwa mnajadili sare za harusi ya Pangani, kitambaa cha zambarau au cha kijani. Mkaniuliza na mimi. Nikasema kijani. Nimefika nyumbani, nikapakua chakula, nikalala. Sikulia. Kesho yake Noah imejaa tena, na mkono wangu bado unamsikia yule mama. Nimekaa hivyo mwaka na zaidi. Nimemlilia mwezi huu, ndani ya gari hili, mahali palipokuwa na mkonge tu. Na wako wengine ambao sijawalilia bado."

Nasra aliyekuwa anakusanya vikombe alisimama.

"Ungetuambia, Da Tunu," alisema Hatibu.

"Ningewaambia saa ngapi? Mlikuwa mnaongea."

Leokadia akasogea mbele. Macho yake yalikuwa na machozi. "Mimi nitanyamaza. Nakuapia. Nitapanda kama mzigo, sitasema neno mpaka Muheza."

"Shoga yangu, wewe ukinyamaza mimi nitakuuliza una nini."

Hatibu hakujaribu kuahidi ukimya, alijijua. Kibwana alikuwa mtu wa kimya tangu kuzaliwa, na kwa muda mfupi Tunu alimfikiria. Kisha akakumbuka kimya cha Kibwana kilivyo, jinsi kilivyojaa nyumba nzima miaka ile mpaka watu wakatafuta pa kupita. Na alikuwa ametoa pikipiki yake. Kimya cha mtu aliyetoa pikipiki yake kingekuwa kizito kuliko kelele za wale wanane wa Noah.

"Sikumwomba mtu springi," alisema Tunu, taratibu, bila kumtazama. "Peke yangu lilikuwa linapita tangu mwanzo."

Kibwana aliitikia kwa kichwa. "Hukuomba," alisema. "Hata Hatibu hukumwomba. Wala mwalimu hukumwomba alale chini."

Na hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma zaidi ya yote yaliyosemwa siku hiyo.

Bi Mwantumu aliweka kikombe chini. "Mwanangu, hawa watatu hukuwaokota njiani. Ukimnyima mmoja utamweleza. Ukiwanyima wote utaishi nao vipi?"

"Na nikiwapa, Mama, nitaishi vipi?"

Bi Mwantumu alizoea kuwa na jibu. Siku hiyo alisema jua limezama, watu wakasali.

Usiku Tunu hakupata usingizi mzuri. Alimpanga Hatibu kitini, akaliona goti, akaona ni haki. Akamtoa, akampanga Leokadia, akamwona mgonjwa kitandani Tanga na mkewe Kilindi, akaona ni haki zaidi. Akamtoa, akampanga Kibwana, akamwona kando ya barabara anapungia lori. Kisha akakiacha kitupu, akaona mkonge kushoto, mkonge kulia, na kifua chake kikafunguka, na kwa kule kufunguka akajiona mtu mbaya. Akaanza upya.

Jumatatu alfajiri alitoka. Watatu walikuwa wameshafika, wamesimama upande wa kushoto wa gari, mbalimbali kidogo, kama watu wasiojuana waliokutana dirishani benki. Hatibu aliegemea mguu mzima. Leokadia alibana madaftari ya wanafunzi kwapani. Kibwana alishika mkasi wake wa kazi, umefungwa kwenye kitambaa. Walimsalimia, akaitikia. Hakuna aliyesogea mbele, na hakuna aliyerudi nyuma.

Simu ya Tunu ililia. Wodini walikuwa wanamwita: mama mmoja ameletwa, uzazi wa kwanza, hali yake si nzuri, Sista aje haraka.

Tunu akaingia. Akawasha injini. Akainama upande wa kushoto, akanyoosha mkono mpaka kwenye kitasa, na kuufungua mlango. Milango ya gari lile ilikuwa mizito. Mlango ulifunguliwa kwanza ili mtu aingie, na ulifunguliwa kwanza pia ili ubamizwe ufunge vizuri; waliosimama nje hawakujua huu umefunguliwa kwa lipi.

Hapo ndipo mimi ninapomwacha, nanyi mliokaa hapa mumpokee. Hatibu alitoa gari alilolipenda. Leokadia alimtoa shoga yake mdomoni mwa kifo. Kibwana alitoa pikipiki kikapatikana kiti. Na Tunu ana wafu wake ambao hajawalilia, na leo huenda akaongezewa mwingine. Mlango uko wazi, injini inaunguruma, na kule Muheza mtu ameanza uchungu, hawezi kuwangoja mmalize kubishana. Semeni upesi: kiti kile, nani alikistahili?